Programu Yenye Adabu

Ufunguo tuliukumbuka tukiwa tayari wodini Msambweni, muuguzi alipomwambia mjomba avue kila kitu. Mjomba akautoa shingoni, akanivalisha mimi. Ulikuwa ufunguo wa sanduku la chuma lenye swichi ya pampu, kule kwetu kwenye ukavu nyuma ya vilima vya Kwale, ambako kiangazi kikishika ng'ombe hawana maji mengine ila ya kisima chenye pampu hiyo. Tangu pampu ya kwanza iungue kwa kusahauliwa ikizunguka, hakuwahi kumwachia mtu ufunguo ule, hata mkewe.

"Na sasa?" nikauliza. "Nirudi nao nyumbani?"

"Urudi wapi, nipasuliwe ngiri peke yangu? Si umesema mashine yako itawasha yenyewe?"

Nikasema ndiyo, Mjomba. Nikacheka hata. Mimi ni mtu wa kucheka.

Mashine yenyewe ilikuwa kikompyuta kidogo kuliko pakiti ya majani ya chai, chenye laini ya simu na antena juu ya mlingoti, nilichokifunga karibu na birika la saruji wanamonywea ng'ombe. Ndani yake zilikuwamo programu mbili. Ya kwanza niliiandika mimi, kwa Rust, lugha mojawapo ya kuandikia programu. Inapima maji ya birika na kutoa namba. Ya pili niliikuta mtandaoni, imeandikwa na mtu nisiyemjua. Inaipokea ile namba, ikiona ni ndogo inawasha pampu na kunitumia ujumbe. Ujumbe usipokuja, maana yake birika limejaa.

Nani alinifundisha? Simu. Kazi yangu ni kukunja taulo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Galu, na shule nilikomea kidato cha nne. Lakini nilikuwa na ndoto, na kompyuta kuukuu niliyoachiwa na mgeni. Rust nikaipenda kwa sababu inagomba. Ukikosea hata alama moja inakataa kukutengenezea programu, inakuonyesha mstari na kukwambia ulipokosea, kama shangazi. Kilichokuwa kikinitia hofu ni makro. Hizi programu za kuandikiwa amri, zisizo na picha wala vitufe, zina kazi nyingi ya kuchosha: kusoma maneno aliyoyaandika mtu, kuyakagua, kumwonyesha msaada akipotea. Makro inakufanyia yote hayo. Unaandika mistari michache, ukitaja programu inahitaji kuambiwa nini, juu yake unaweka alama, basi. Mengine inayaandika yenyewe, mahali usipopaona. Kila nilipoiona ikifanya kazi nilifurahi, kisha nikaogopa. Ni nani anayeandika humo ndani? Na siku akikosea, nitamshika wapi?

Siku ya upasuaji ilipita bila ujumbe. Nikajiambia birika limejaa.

Asubuhi yake bado kimya. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje ya wodi, jua limeshapanda, nikawaza: ng'ombe wale wote, kiangazi hiki, hawajanywa likapungua hata kidogo? Nikampigia mkaza mjomba, hapatikani. Nyumbani hakuna mtandao, mpaka apande kilimani. Nikafungua kompyuta nikaijaribu programu yangu. Ikafanya kazi vizuri kabisa. Nikaisoma mstari kwa mstari, sikuona kosa. Basi ni makro, nikasema. Ni yale nisiyoyaona. Ufunguo ukanigonga kifuani kila nilipoinama, nami nikaona birika lile limekauka mpaka nyufa, na ng'ombe wakilamba saruji.

Muuguzi akanichungulia mlangoni. "Wewe, mzee wako ameamka."

Mjomba alikuwa amelala chali, midomo mikavu. Muuguzi, dada mmoja wa kutoka bara, mchangamfu, alisimama na kalamu. "Mzee, maumivu ni ngapi? Kutoka sifuri mpaka kumi."

"Mwanangu, hujambo?" mjomba akasema.

"Sijambo. Maumivu ni ngapi?"

"Umeamkaje? Watoto je? Huko kwenu mvua imenyesha?"

"Mzee wee! Mimi nataka namba tu. Hizo stori zote nitaziandika wapi?"

"Basi salamu ni stori?" mjomba akashangaa. "Namba nitakupa, kwani inakimbia?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Mimi sikucheka; nilikumbuka nilichokifanya.

Jioni ya kuamkia safari, baada ya majaribio yote kwenda sawa, niliongeza mstari mmoja. Niliona aibu kitu changu kimtolee mjomba namba kavu kavu, siku atakayotaka kuonyeshwa, kama mtu asiyelelewa. Kwa hiyo nikaifunza iseme kwanza: Shikamoo Mjomba, habari za tangu jana. Ndipo itoe namba. Kumbe ile programu ya pili ilikuwa ikingoja namba tu. Ilipoletewa shikamoo haikujua iiandike wapi, ikanyamaza. Makro haikuwa na kosa lolote.

Nikarudi kwenye benchi mbio. Sikuifuta salamu, moyo ulikataa. Niliifanya iwe ya kuombwa: mstari mmoja, neno salamu, ndiyo au siyo, na makro ikamalizia kazi. Usipoomba, unapata namba peke yake. Rust ikanigombeza, nimesahau alama ya mkato. Nikairekebisha. Nikaituma. Mtandao wa kule ni wa kuvizia. Ilikwenda, ikasimama, ikaenda, ikakatika. Nikatuma tena. Nilikuwa naomba kwa sauti, watu wananipita wakidhani nimefiwa.

Ikafika. Kisha simu ikalia: ujumbe. Birika halina maji, pampu imewaka.

Halina maji. Hayo maneno niliyaandika mimi mwenyewe, na yalinichoma.

Mkaza mjomba alipiga mchana, upepo wa kilimani ukivuma kwenye simu.

"Mama, shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Mama."

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Anaendelea vyema. Mama, ng'ombe..."

"Amekula?"

"Amekunywa uji."

"Na kidonda?"

"Kizuri."

"Tumshukuru Mungu. Na wewe umelala wapi?"

Nikajibu kila swali. Hakuna namna ya kuruka. Kwetu habari mbaya haitangulii salamu, na kadiri salamu zilivyorefuka ndivyo nilivyozidi kuushika ule ufunguo.

"Pampu imelia," akasema hatimaye. "Wamekunywa, wanasukumana mpaka sasa. Jana nilipiga kufuli kwa jiwe mpaka mkono ukavimba, halikufunguka. Nikawagawia maji ya mtungi. Lakini ndama wa yule mwekundu hakuweza kungoja."

Yule mwekundu ndiye aliyekuwa akimfuata mjomba hadi mlangoni. Nikaosha uso bombani, nikaingia wodini. Mjomba alikuwa ameegemea mto, ana nafuu, hata ametaka chai.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema.

Akaniangalia. Tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi ile, na mtu hamsalimu mkubwa wake mara ya pili hivi hivi. Akashusha kikombe polepole.

"Ni yupi?" akauliza.