Musalaba Kando ya Jina la Mujomba

Ilianza Jumanne, saa mbili ya asubuhi, mwaka ule wanaume walipolazimishwa kuingia msituni kutafuta utomvu wa mpira kwa ajili ya vita vya Wazungu. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Sasa niko na kumi na saba, na naandika kwa sababu kusema kunanishinda.

Papa yangu alikuwa munganga wa malale, ule ugonjwa wa kusinzia. Alitembea kijiji kwa kijiji, kutoka Pinga kushuka upande wa Walikale, na wakati wa likizo nilimfuata kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Watu walipanga mstari. Yeye alipapasa shingo zao akitafuta vinundu, akatoboa kidole, akapaka tone la damu juu ya kioo kidogo. Mimi nilishika kitabu cha majina. Aliyefika, nukta. Asiyefika, musalaba, ili Papa ajue wa kumtafuta.

"Papa, unanikaba kama kuku wa Noeli!" mama mmoja alilalamika.

"Kuku hasemi mingi hivi, Mama."

Mstari wote ulicheka. Hata mimi.

Jumanne ile tulikuwa kijijini kwa Mujomba Kibira, ndugu ya mama yangu, lakini yeye hakufika. Mke wake, Mama Furaha, alininong'oneza: "Iko analala. Siku hizi anasinzia hata na chakula mu kinywa." Nikaweka musalaba. Saa sita Papa alimfuata nyumbani, akachukua damu yake. Aliporudi akaniambia, "Rekebisha pale kwa Kibira."

Sikurekebisha. Masista wa shule walitufundisha kutochafua ukurasa, na wino haufutiki. Mikroskopi ya Papa ilitaka jua, na mawingu yalikuwa yamefunga. Nikasema moyoni nitangoja matokeo ya kesho, niandike mara moja, vizuri.

Saa tisa bunduki zililia upande wa mto.

Watu waliochoka na mpira walikuwa wamevamia posta, kile kituo cha serikali. Askari waliingia kijijini, mbuzi wangali wanakimbia ile milio.

Sarja, mkubwa wao, aliuliza wanaume gani hawakuwako kijijini siku ile. Akakiona kitabu juu ya magoti yangu, akakivuta.

"Misalaba hii ni ya nani?"

"Ya wale hawakufika kupimwa," Papa alisema.

"Hawakufika. Njo wenyewe waliovamia posta."

Wengine wote wenye misalaba walikuwa porini. Mmoja tu alikuwa nyumbani.

Walimtoa Mujomba na mkeka wake. Wakamsimamisha. Akaanguka, akaendelea kulala.

"Huyu muntu anajua michezo!" askari mmoja akacheka.

"Iko mugonjwa," Papa alisema. Akainua kioo. "Damu yake ni hii. Nilimukuta analala, saa sita."

Sarja alikichungulia. "Sioni kitu. Kitabu kinasema hakukuwako. Nani aliandika?"

Papa hakunitazama.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilipaswa kusema: ni mimi, nilikosa.

Sikusema.

Walimpeleka nyuma ya nyumba.

Risasi moja.

Mama Furaha aliuokota mkeka, akaukung'uta vumbi, akaukunja. Mimi sikulia. Hata leo nikiyatafuta machozi ya siku ile siyapati. Nakumbuka tu kwamba kidole changu kilikuwa na wino, na kwamba niliupangusa.

Papa husema sarja asingenisikiliza, mutoto kama mimi. Labda. Hatutajua kamwe.

Asubuhi yake jua lilitoka. Askari walikuwa wamekitupa kitabu karibu na jiko. Papa alikaa kwenye mikroskopi muda mrefu, kisha akaniita nitazame. Kati ya damu kulikuwa na vidudu vyembamba, kama vipande vya uzi vilivyopinda.

"Andika," akasema.

Kando ya musalaba nikaandika: *Malale*. Mwandiko ulitoka mzuri.

Halafu nilienda kwa Mama Furaha. Alikuwa anaambua maharagwe mlangoni.

"Papa yako aliona nini?"

"Malale, Mama."

"Njo vile nilikuambia jana," alisema, bila hasira. "Si nilikuambia wewe?"

"Uliniambia."

Akanisogezea ungo. Nikakaa, nikaambua naye mpaka maganda yakaisha. Kuhusu musalaba sikumwambia.