Rete Kalai

Juzi nilikuwa nikinywa chai katika hoteli moja ya Kitale, barua zangu za kuomba kazi zikiwa kwapani, nikasikia nyanya yangu akiongea kutoka kwenye televisheni ya ukutani. "Rete kalai, mvua iko kalibu." Wateja wakacheka. Mimi nilirudisha andazi kwenye sahani.

Unajua, mwigizaji yule wa televisheni hakuyatunga maneno hayo. Nilimpa mimi. Kila likizo ya Agosti nilipelekwa Bungoma kwa nyanya, tuliyemwita kukhu. Tulipukuchua mahindi kwa mikono mpaka vidole gumba vikachubuka, huku viazi vitamu vikinukia jikoni. Kukhu akiingia ndani, nilijificha nyuma ya ghala na kumwigiza, r mahali pa l na l mahali pa r, mpaka jirani yetu, fundi wa baiskeli, aangushe spana kwa kicheko. Fundi akayapeleka maneno yale kwenye matamasha ya vijana kanisani, kisha Nairobi, kisha kwenye vichekesho vya televisheni, leso kichwani. Sasa anaigiza hata tamthilia za maana, lakini watu humwita Kukhu tu.

Usalama wangu ulikuwa kwamba kukhu mwenyewe hakuwa na televisheni. Mwezi huu mjomba amemnunulia. Nilikosa usingizi nikiwaza jinsi atakavyoumia, nikaamua kwenda kukiri kabla hajaona.

Nilichelewa. Nilimkuta ameketi mbele ya kipindi chenyewe, hacheki.

"Kukhu, kuna kitu nataka kusema."

"Nyamaza kwanza. Huyu ndio mtu wa kwanza kwa terevisheni anaongea Kiswahiri sawasawa."

Nikakiri yote. Akanitazama kama ninayempa habari za mwaka jana.

"Si nirikuwa nasikia. Kwani urifikiri nirikuwa napiga kerere bure? Nirikuwa nataka huyo fundi ashike vizuli."

Mabega yangu yakashuka, baada ya miaka yote ile. Nilitoka uani kupumua. Ghala halipo tena, na mahindi hupukuchuliwa kwa mashine ya kukodi inayomaliza kazi kabla mtu hajapata nafasi ya kumwigiza mwenzake. Kibanda cha fundi kimeota nyasi. Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa Mlima Elgon.

"Rete kalai, mvua iko kalibu," sauti ikaita kutoka ndani.

Nilisimama kidogo, nisijue kama ni kukhu au ni televisheni. Kisha nikalichukua karai.