Nilivyofunga shokapu mwenyewe uani Kamina, na shemeji akalazimika kungoja

Wakuu, salamu huko mliko. Miaka mingi nasoma nyuzi za watu hapa nikiwa kimya, leo nami nina langu. Sitaongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mjane, naishi Kamina, Haut-Lomami. Nauza mayai na mkate kwa familia za askari kule Base, kambi kubwa nje ya mji. Marehemu mume wangu aliniachia gari dogo la Kijapani. Bila gari hilo sina kazi.

Sasa barabara ya Base hamuijui, bahati yenu. Shokapu za mbele zilikufa zote mbili. Kila shimo gari linapiga pua chini na trei za mayai zinaruka.

Jumatatu akaja Ildephonse, kaka wa marehemu. Yeye ndiye aliyeshika karatasi za gari tangu msiba. Akalizunguka, akalitikisa, akaguna.

"Belle-sœur, hii motoka iko nakufa mu mikono yako. Vendredi nitakuya kuikamata, tutaiuzisha Lubumbashi."

Belle-sœur ni shemeji, vendredi ni Ijumaa. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Alichukue, halafu mimi nifike Base na trei kichwani?

Shokapu mpya nilikuwa nazo tayari, zilikuja na treni, ziko chini ya kitanda. Fundi wa mtaani akaniambia nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo gari litakuwa Lubumbashi. Nikasema basi, mimi si binti wa fundi wa reli? Papa alimaliza ujana wake kwenye depo ya treni. Sasa anaishi nami. Magoti yamegoma, ila mdomo bado uko kazini.

Jumanne nikaanza, na hapa ndipo nilipotaka kufa kijinga.

Kwa wasiojua: shokapu ya mbele inavaa springi nene, na springi hiyo imebanwa kwa nguvu nyingi. Ukifungua nati ya juu katikati kabla hujaishika springi isitanuke, inafyatuka. Mafundi wengi wa huku wanaifunga kwa waya. Nami nikafunga kwa waya, nikaona nimemaliza.

Nati ilipobaki nyuzi mbili, waya ukakatika. Springi ikapita karibu na sikio langu ikatoboa mlango wa bati wa jiko. Nilikaa chini.

Papa akatazama lile tobo, akanitazama mimi.

"Kesho unaenda ku soko kutafuta kompresa. Minyi sitaki kuzika mutoto sababu ya waya."

Jumatano nikaenda kwa Mzee Ramazani, mfanyabiashara mwenye asili ya Maniema, ana duka la vyuma sokoni. Akanitolea kompresa, yaani vibano vya springi, za aina mbili. Moja nyembamba, inang'aa, nzuri kwa macho. Nyingine nzito, nyeusi, kulabu zake pana, na kila kulabu ina pini ya kuizuia isiteleze kwenye springi. Nikashika ile inayong'aa.

"Mama, ile unaikamata leo, kesho unatafuta plâtre," akasema. Plâtre ni ile plasta ya mfupa uliovunjika. Nikairudisha haraka.

Akanichagulia na soketi za kufungulia boliti. Hapa wakuu sikilizeni: chukua zenye kona sita, si kumi na mbili. Boliti za chini zimekula kutu, ukitumia ya kona kumi na mbili inamenya kichwa cha boliti na umeumia. Nikaongeza mpini mrefu na dawa ya kutu. Magogo ya kuegemeza gari nilikuwa nayo, vipande vya mataruma ya zamani ya reli. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja.

Alhamisi asubuhi gari likapanda juu ya magogo. Kabla sijagusa chochote Papa akaniletea kitambaa chekundu.

Hii ni desturi ya watu wa reli. Anayeingia chini ya behewa anatundika kitambaa, na aliyekitundika ndiye pekee anayekitoa. Hakuna mkubwa wala mdogo. Behewa likisogezwa wakati mtu yuko chini, anapoteza miguu. Nikakitundika kwenye kioo cha pembeni.

Kazi ikaenda. Kompresa mbili, moja kila upande wa springi, unazungusha kidogo hapa, kidogo kule, mpaka springi imelegea ndani ya visahani vinavyoishika juu na chini. Ndipo nati ya katikati. Ilitoka kwa upole mpaka nikacheka peke yangu.

Nimemaliza upande mmoja, Ildephonse huyo mlangoni. Siku moja kabla, na dereva. Akaja moja kwa moja kwenye gari, mkono umenyooka.

Papa hakusimama. "Ildephonse. Ile kitambaa, ni weye uliitundika?"

Wakuu, Ildephonse kazi yake ni kuunganisha mabehewa pale stesheni. Mkono ulirudi mfukoni.

"Hapana, Papa."

Dereva akacheka. "Patron, iko kitambaa tu."

"Weye nyamaza," akasema Ildephonse, akageuza kreti akakaa.

Alikaa saa tatu nzima. Nami sitadanganya, sikuharakisha. Nilipiga brashi kila boliti kabla ya kuirudisha.

Nilipomaliza nikashusha gari, nikakaza magurudumu, nikatoa kitambaa changu. Nikapanga trei nne kiti cha nyuma, nikampa Ildephonse ufunguo. "Endesha mwenyewe."

Akalivusha njia ya reli, akalipitisha mashimo yote mpaka sokoni na kurudi. Hakuna yai lililopasuka. Nilitamani kuimba.

"Ni nani alikufundisha?" akauliza.

"Bantu ya depo," nikamjibu, yaani watu wa depo. Papa akajifanya anakohoa.

Ildephonse akanirudishia ufunguo, akaondoka na dereva wake.

Ijumaa, siku aliyosema atachukua gari, alirudi kwa miguu, peke yake, na bahasha ya karatasi za gari.

"Kamata kitambulisho yako. Tunaenda ku bureau, baandike jina yako."

Nililia mbele yake na sioni aibu. Mchana ule ule, pale ofisini, gari likawa langu, kwa jina langu.

Nilichojifunza: kompresa nzuri inunuliwe kabla ya kufungua nati ya kwanza, si baada ya kutoboa mlango. Na ukifunga shokapu mpya, kapime ulinganifu wa matairi, yasije yakaliwa upande.

Haya, mafundi wa humu, nikosoeni. Na wewe unayebana springi kwa waya, nieleze unawaza nini, maana mimi nilikuwa wewe hadi Jumanne ile.