Mkataba wa Patasi za Mifupa

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa akiwatengenezea wachongaji wa kule Tabaka patasi za kuchongea mawe. Mimi nina duka la vitenge na mabuibui hapa Kisii mjini, yeye ana karakana nyuma ya soko. Jioni alirudi na vumbi la chuma kwenye nyusi, akala, akaswali, akalala. Nani angeionea wivu kazi kama hiyo?

Kisha akaja daktari.

Alikuwa daktari wa mifupa, mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Ikonge. Alikwenda Tabaka kununua zawadi, akaona patasi mkononi mwa mchongaji, akauliza imefuliwa na nani. Wiki hiyohiyo akafika karakanani. Yeye na wenzake walikuwa na kampuni ndogo ya kuuzia hospitali vifaa vya upasuaji, nao walikuwa wamechoka kuviagiza ng'ambo na kuvisubiri. Alitaka patasi za kukatia mfupa, nyundo zake, na koleo za kushikilia mfupa uliovunjika.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwangu ikawa daktari, daktari. Daktari amesema mpini uwe mzito kidogo. Daktari amesema makali yaende upande mmoja. Mume wangu akaanza kunyoa ndevu kabla ya kwenda kazini, mtu aliyekuwa akinyoa Ijumaa tu.

Mchana mmoja nikafunga duka nikampelekea pilau. Niliwakuta vichwa vimekaribiana. Walikuwa wameubana mfupa wa ng'ombe, wa buchani, kwenye jiliwa. Mume wangu ameshika patasi, na mkono wa daktari uko juu ya mkono wake, unamwonyesha namna ya kuilaza.

"Sasa gonga," daktari akasema.

Akagonga. Mfupa ukapasuka sawasawa, bila kumeguka pembeni, nao wakacheka kama watoto.

"Buya mono!" daktari akasifu kwa Kigusii, yaani vizuri sana. Mume wangu, ambaye Kigusii chake nilidhani ni cha kununulia ndizi tu, akamjibu kwa Kigusii.

"Shemeji, karibu," daktari akaniambia aliponiona.

Pilau ile niliipakua ya watu wawili, mimi na mume wangu. Waliila wao. Mimi nilisema nimeshiba.

Mama yangu aliishi na mke mwenza. Najua nyumba hiyo inavyosikika, na najua dini yetu haimkatazi mwanamume. Kwa hiyo nilinyamaza na kuchunguza, na kila nilichokiona kilinichoma.

Siku ya kutia sahihi mkataba, mume wangu aliniomba niwe shahidi wake. Tulipanda ofisini kwa wakili, daktari akiwa ameshatangulia. Wakili alisoma kila kifungu na kutufasiria kwa Kiswahili. Kampuni italeta chuma kisichoshika kutu. Fundi atafuata vipimo. Kifaa chenye kasoro kitarudishwa. Hayo yote niliyasikiliza nikiwa nimetulia.

"Na katika muda wote wa mkataba huu," wakili akaendelea, "fundi hatamtengenezea mwingine yeyote vifaa vya aina hii, wala hatazungumza na mnunuzi mwingine kuhusu jambo hilo, bila idhini ya kampuni. Umekubali?"

"Nimekubali," mume wangu akasema, kwa sauti ileile aliyomjibia kadhi siku ya ndoa yetu.

"Mimi sikuandikiwa hivyo," nikasema.

Wakili akainua macho. "Samahani, mama?"

"Siku ya nikahi yangu. Hakuna aliyemwandikia huyu kwamba hatakuwa na mwingine. Daktari ndiye ameandikiwa."

Wakili alicheka, akaona amecheka peke yake. Mume wangu alitazama viatu vyake. Daktari aliiweka kalamu mezani, akanishika mkono tukatoka nje kwenye roshani.

"Simtaki mumeo, shemeji," akasema.

"Sijasema unamtaka."

"Sasa ni nini?"

"Wewe anakueleza mambo. Mimi nilipomuuliza, zamani, alisema ni chuma tu."

"Hilo siwezi kukutengenezea," akasema. "Lakini hata mimi nisingelipenda jambo hilo."

Nilitaka awe mbaya, nipate pa kuutua wivu wangu. Hakuwa mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. Tukarudi ndani, nikatia sahihi chini ya ile ya mume wangu.

Njiani mume wangu akauliza, "Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani ulikuwa unazungumza habari za daktari."

Tukatembea. Tulipofika mlangoni pa duka langu akasema, "Sina mwingine, wala sitafuti. Kesho njoo karakanani."

Nilikwenda. Alinieleza chuma kinavyopashwa moto na kupozwa, kwa nini makali ya mfupa si makali ya jiwe, kwa nini kifaa hakitakiwi kuwa na mkwaruzo wa kuficha damu. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimejua kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ni kupiga msasa, na kwamba mume wangu, akipata wa kumsikiliza, hanyamazi.

"Mbona hukunieleza siku zote hizo?"

"Niliogopa utachoka."

"Nimechoka," nikamwambia, na tukacheka. Lakini sikuondoka.

Siku hizi vifaa vyake vinaingia hospitalini, na daktari bado anapiga simu. Mume wangu akienda uani kuipokea, nikasikia kicheko chake, mimi huongeza sauti ya redio. Sijapona.

Mwezi uliopita daktari alitualika kwao Ikonge. Baada ya chakula yeye na mume wangu walibaki mezani na michoro yao. Mimi nilikaa barazani na mumewe, mwalimu mpole, tukitazama mashamba ya majani chai. Aligeuka akachungulia dirishani, kisha akaniinamia.

"Mama, hawa wawili huwa wanazungumza nini?"

"Msasa," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu anayedanganywa. Nikachukua birika, nikamwongezea chai.