Nusu Kichwa cha Shangazi Tatu

Kila ninapopasha moto mafuta ya nazi saluni kwangu Mwembesongo, harufu yake hunirudisha barazani kwetu Mafiga. Wateja hudhani natabasamu kwa ukarimu. Wapi! Namkumbuka Shangazi Tatu siku niliyomkomoa, na sitawaficha ninyi mnaonisoma: bado nafurahi.

Shangazi Tatu alikuwa dada mkubwa wa baba, karani wa ofisi ya serikali, na ndiye aliyeamua, mimi bado nanyonya, kwamba nitakuwa daktari. Alinishonea koti jeupe kutokana na shati kuukuu la baba. Wakija wageni nilivalishwa, nikasimamishwa mbele ya makochi, nikaamkia shikamoo, kisha nikatakiwa kusema nitakuwa nani nikikua. Hata jina langu, Mwajuma, lilikaribia kusahaulika, maana nyumba nzima iliniita Daktari. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naweza kutazama kidonda. Siwezi mpaka leo.

Nilichoweza ni kusuka. Nilijifunza kwa bibi mzaa mama, kule juu milimani Uluguru, likizo za mvua, ukungu ukitufungia ndani na jiko la kuni likitutoa machozi. Alinipa kichwa chake chenye mvi nikakichezea nitakavyo. Vidole vilishika njia haraka kuliko akili, na nikimaliza mstari wa mwisho nilijisikia nimeshiba.

Idi moja nilimsuka Zuhura, binti wa Shangazi, mtindo wa twende kilioni, mistari myembamba imelala kuelekea kisogoni. Nikampeleka sebuleni kwa maringo ili watu waone. Shangazi alikuwa amekaa na wenzake wa ofisini.

"Daktari gani huyu anayeshinda kwenye vichwa vya watu?" aliuliza. Akachukua chanuo, akamfumua Zuhura palepale, mtoto analia, wageni wanacheka. Baba naye akacheka. Kicheko cha baba ndicho kilichonichoma. Nilijifungia chooni nikaapa kwamba huyu shangazi atanitambua.

Alijileta mwenyewe. Palikuwa na harusi Turiani, na wanawake wa mtaa walikodi basi dogo, Kosta. Asubuhi ya safari msusi wake akaugua, na Shangazi akaja kwetu mbio, nywele zimesimama, gauni jipya la satini mkononi.

"Daktari, mwanangu, hebu nisuke upesi."

Nilimsuka, na niliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa kichwa hakina kosa. Upande wa kulia ulikuwa umelala vizuri, unang'aa mafuta, majirani wawili walipoingia kumhimiza. Mmoja akainama akatazama. "Makubwa! Nani kakusuka hivi?"

Shangazi akacheka kidogo. "Aa, huyu daktari wetu anachezea tu. Hizi si kazi zake."

Nikaweka chanuo chini.

"Shangazi, kweli. Daktari hasuki."

Kwanza alidhani natania. Kisha akanitishia baba, akanitishia fimbo. Kosta ikapiga honi. Akaanza kubembeleza, machozi yanamlengalenga, upande mmoja bibi harusi, upande mwingine mtu aliyetoka kukurupushwa usingizini. Mama alikuwa pembeni anapiga pasi kanga ileile muda wote, hakugeuka.

"Waambie hawa kwamba mimi ni msusi," nikasema, "namalizia sasa hivi."

Majirani wakamtazama. Shangazi akainuka. Akachukua kilemba, akajifunga mpaka juu ya nyusi, akapanda gari hivyohivyo. Nasikia harusini joto lilikuwa kali, na upande mmoja wa kilemba ulitutumka siku nzima. Baba alinichapa jioni ile, nami nilizipokea zile fimbo bila kulia.

Daktari sikuwa. Nilipomaliza shule nilifungua saluni, na Shangazi akawatangazia ndugu kwamba nimejitupa. Siku hizi huja kusukwa. Namweka kwenye foleni kama wengine, na anayewahi anatangulia, hata awe mtoto wa chekechea. Huwa anaguna. Mimi huongeza sauti ya redio.

Utotoni niliamini anaidharau kazi yangu. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba hakuidharau hata kidogo. Aliijua thamani yake hadi akaililia mbele ya watu, lakini akaona afadhali asafiri na nusu kichwa kuliko kutamka mbele ya majirani wawili kwamba mtoto wa mdogo wake ni msusi. Alitaka mikono yangu, mimi mwenyewe hakunitaka. Watu huniambia nimsamehe, ni mzee sasa. Siku atakaposema lile neno alilolimeza siku ile, nitafikiria.