Waya wa Betri na Ngurumo za Uru

Mimi ni mwoga wa radi, na sioni haya kusema. Nilifundisha fizikia sekondari miaka mingi, nikachora mawingu ubaoni na kuwaambia wanafunzi kwamba radi ni umeme tu, hauna chuki na mtu. Nikiwa nyumbani, mvua ikianza kunguruma, nilikuwa wa kwanza kukimbilia plagi. Mama mkwe wangu alifunika kioo kwa kanga, mimi nikachomoa friji, televisheni, na hata pasi ambayo haikuwa imechomekwa. Mume wangu alitucheka sote wawili. Nilimjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Nilipostaafu nilitengeneza redio mbili za kupokea na kurusha, moja baada ya nyingine, kwenye meza ya jikoni, kila kipande nikikilehemu kwa mkono wangu. Nikazikatia leseni kama sheria inavyotaka. Moja ilikaa kwetu Uru, mlimani. Nyingine mume wangu alishuka nayo hadi Chekereni, kule tambarare, tulikokuwa na shamba la mpunga. Mpunga ukianza kuiva alikaa huko wiki mbili tatu kuamia ndege, akilala juu ya dungu la nguzo nne alilojenga mwenyewe, hatua chache kutoka mtoni. Simu yake muda mwingi haikuwa na chaji. Kwa hiyo kila siku saa kumi alasiri tulikutana hewani kwa robo saa. Ananiambia habari za ndege, namwambia habari za ng'ombe, tunaagana.

Siku ninayoikumbuka mvua ilikuwa imepiga mlimani tangu alfajiri. Saa nane mchana niliteremka ukingoni mwa kihamba chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kumkatia ng'ombe majani, nikausikia mto kabla sijauona. Maji yalikuwa na rangi ya udongo, yamebeba magogo na mgomba mzima pamoja na mkungu wake. Daraja la miti tunalovuka kwenda kanisani halikuwepo tena. Nimeolewa Uru miaka zaidi ya thelathini, na sikuwahi kuona mto ule ukilamba mizizi ya mringaringa wetu, mti mrefu ulio kati ya nyumba na mto.

Mto huohuo ndio unaoshuka hadi Chekereni. Watu wa huku tunajua kwamba maji yakijaa kwetu mchana, kule tambarare yanafika jioni, na huenda kule jua linawaka na hakuna anayehisi kitu. Bila shaka mume wangu alikuwa anafukuza ndege kwa kupiga debe, mto ameupa mgongo.

Nikapiga simu yake, haipatikani. Nikataka kumpigia jirani yake wa shamba, simu yangu nayo ikakosa mtandao, maana umeme ulikatika tangu asubuhi na mnara ulikuwa umezimika nao. Nikapanda hadi njia panda, nikamkuta dereva wa bodaboda amejikinga chini ya paa la duka.

"Shikamoo mwalimu," alisema. "Kama ni kushuka Moshi, tusidanganyane. Barabara imekatika kule chini, hata mbuzi hapiti."

Nilirudi nyumbani nikikimbia, na magoti yangu hayakuwa ya kukimbia. Ilibaki redio.

Nikaunga nyaya kwenye betri, nikawasha. Kwa kawaida taa ya kijani huwaka, namba zinatokea, rilei, ile swichi ndogo ya ndani, inagonga mara moja, halafu unasikia mvumo wa hewani. Siku hiyo taa iliwaka, namba zikatokea nusu, rilei ikagonga tk-tk-tk-tk bila kukoma, kisha vyote vikazimika. Nikawasha tena. Ikawa vilevile. Mara ya tatu sikuthubutu kutazama, nilisikiliza tu, na rilei ikagonga kama meno ya mtu mwenye homa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi. Nikapima fyuzi, nzima. Nikapima betri kwa mita, volti kumi na mbili na ushei, nzima. Basi ugonjwa uko ndani, nikajiambia, transista ya kurushia imeungua, na ya akiba sina. Nikafungua kifuniko, nikanusa, nikagusa kimoja kimoja. Hakuna kilichonuka wala kilichokuwa na joto. Kila nilipofumba macho niliona zile nguzo nne za dungu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na rozari mkononi.

"Mwanangu, unalia?"

"Hapana mama. Ni moshi."

"Moto haujawashwa tangu asubuhi," alisema.

Nikamwambia yote. Ni mama wa zaidi ya miaka themanini, amezika watoto wawili, na huyu aliyeko Chekereni ndiye aliyebaki. Alipitisha shanga moja. "Basi lia huku unatengeneza," alisema.

Maneno yale yaliniudhi, na hasira ikanisaidia. Nikaanza kufikiri kama mwalimu badala ya kutapatapa kama kuku. Huwezi kujua nguvu za ng'ombe akiwa amelala. Betri nilikuwa nimeipima imepumzika. Ilibidi niipime inapofanya kazi, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mita.

"Mama, njoo unibonyezee hapa."

Hakuwahi kuigusa redio ile maishani. Alibonyeza swichi kwa kidole kilichozungukwa na rozari. Rilei ikagonga, mita ikaonyesha kwamba kwenye betri umeme umesimama imara. Nikahamisha mita hadi nyaya zinapoingia kwenye redio, akabonyeza tena. Volti sita. Umeme ulikuwa unapotea njiani.

Nikaupapasa waya mwekundu tangu mwisho hadi mwanzo. Karibu na kichwa cha betri, ndani ya ganda zuri lisilo na mchubuko, ulikuwa laini kama utumbo. Nikalipasua ganda kwa kisu cha jikoni. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote, zimebaki tatu. Nyuzi tatu zilitosha kuwasha taa ya kijani. Kuiwasha redio hazikutosha.

Hakuwa panya, wala haikuwa kutu. Pale ndipo nilipokuwa naushika na kuukunja kila nilipouchomoa, kila ngurumo, masika na vuli, miaka mitatu mfululizo. Niliukata mimi, kidogo kidogo, kwa woga wangu. Sikuwa na muda wa kujilaani vizuri. Nikaondoa kipande kibovu, nikang'ata ganda kwa meno, nikafungia shaba mpya chini ya nati, nikawasha. Rilei ikagonga mara moja. Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

Redio ilikuwa bubu, kwa sababu antena nayo nilikuwa nimeichomoa alfajiri. Waya wake ulitoka juu ya mringaringa hadi dirishani, unaning'inia. Nilipoushika, mbingu ikapasuka juu ya kihamba na madirisha yakatetemeka. Sijawahi kuogopa namna ile, na nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja. Kwenye redio ya mume wangu nilikuwa nimebandika kipande cha boksi, nikaandika kwa herufi kubwa: UKIONA RADI, CHOMOA ANTENA. Kutoka Chekereni mlima wetu unaonekana wote. Kama alinitii, alikuwa amekaa pembeni ya redio isiyosikia kitu.

Nikachomeka. Nikaita. Kimya. Radi ikapiga tena, nikainama chini ya meza na kipaza sauti mkononi, nikaita nikiwa huko chini.

"Mwalimu, nakupata," mume wangu akaitika. "Mbona uko hewani na kwenu kunapiga hivyo? Ova."

"Mto unakuja. Toka kwenye dungu sasa hivi, acha kila kitu. Umefika kwenye mizizi ya mringaringa. Ova."

Alizaliwa chini ya mti ule. Hakuuliza swali.

"Natoka. Nawapigia debe na wenzangu."

Hakusema ova, neno la kumpisha mwenzako aseme. Baada ya hapo hewani hapakuwa na mtu, na mimi na mama mkwe tulikesha kando ya redio.

Alifika kesho yake mchana kwa miguu, suruali imekauka kwa matope. Alikuwa na debe tu mkononi. Dungu lilikwenda, na redio ikaenda nalo. Wenzake wote walikuwa wamepanda kwenye tuta la reli mapema. Mama yake alimshika uso, akamwachia, akaenda kuwasha moto.

Nilimuuliza kwa nini hakuchomoa antena kama nilivyomwandikia.

"Niliona radi zinapiga juu ya nyumba yetu," alisema. "Ningechomoa, ningejuaje kama mko hai?"

Nikatoa mfukoni kile kipande cha waya, nikamweleza kilivyokatika, na nani alikikata. Alikigeuzageuza kiganjani kwa muda mrefu. Nilingoja anicheke, kama siku zote. Hakucheka. Nilitamani sana acheke.