Asubuhi Mzee Parmuat Alipotafuta Nyasi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kile kiangazi kibaya, na nataka uisikie kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa wengine. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Hizi nyumba za kukodisha unazoziona hapa Kitengela nilizijenga kwa kuuza ngozi, nikitembea na miguu kutoka boma hadi boma. Kwa hivyo sikuhubirii maneno ya kitabu. Nakuambia kile macho yangu yaliona.

Ng'ombe walikuwa wamekonda mpaka wakilala jioni, asubuhi hawawezi kuamka. Asipoinuliwa, jua likipanda amekufa. Vijana wetu wakaunda kikundi cha kuinua. Walipita maboma alfajiri na miti mirefu. Wengine wanaipitisha chini ya tumbo la ng'ombe, mmoja anavuta mkia, wote wanasukuma pamoja. Mimi nilikuwa mlezi wao, nikiwapa chai na mahali pa kukutania. Nilijivunia hao watoto kuliko nyumba zangu.

Halafu wakamfukuza mmoja wao, Saruni. Maneno yalikuwa yamezunguka sokoni kwamba hapendi wasichana, anapenda wanaume. Mwenyekiti wao, Joshua, akamuuliza mbele ya wote. Saruni angeweza kudanganya. Akasema, "Ndiyo, niko hivyo."

"Sisi hufungua kazi na maombi," Joshua akamwambia. "Wewe huwezi kushika mti mmoja na sisi."

Mimi nilipiga kelele kumtetea, nikagonga meza. Joshua akanijibu kwa heshima zote, "Mzee, hapo tuachie sisi."

Kesho yake tulienda kwa Mzee Parmuat, mzee ambaye hata chifu hushusha sauti mbele yake. Ng'ombe wake wa mwisho alikuwa chini. Saruni, ambaye boma lao ni jirani, alikuja pia, lakini akasimama nje ya ua wa miiba.

"Yule mbona yuko nje?" mzee akauliza.

Joshua akamweleza yote bila kuficha.

"Nimesikia. Inueni."

Wakasukuma. Ng'ombe akatetemeka, akaanguka. Wakasukuma tena, na akasimama! Vijana wakapiga miluzi, mmoja akamtania Joshua, "Wewe ulikuwa unainua ama unaegemea?" Joshua akacheka, akamgeukia mzee. "Unaona, mzee? Hata bila yeye amesimama."

Mzee Parmuat akampita. Alitoka nje akaanza kutafuta kitu chini. Tulidhani ameangusha tumbaku yake. Ardhi ilikuwa nyeusi tupu, imepasuka. Mwishowe alipiga magoti kando ya jiwe, akachimba na vidole, akatoa nyasi kidogo zilizobaki na ukijani kwenye mizizi.

Hapo nikajua anachotaka kufanya. Kwa Wamaasai, mtu aliyekosa hushika nyasi akiomba msamaha, na ukiziona mkononi mwake unashusha fimbo. Nilikuwa nimeona vijana wakizishika mbele ya wazee. Mzee kuzishika mbele ya kijana sikuwa nimeona, na sidhani nitaona tena.

Alienda mpaka kwa Saruni, akanyoosha mkono. "Mtoto wangu, hawa ni vijana wangu na wamekukosea. Wao hawajajua kuomba. Naomba mimi."

Saruni alitetemeka kuliko yule ng'ombe. Hakujua aweke mikono wapi. Mwishowe akainamisha kichwa kama mtoto anayesalimu mkubwa, na mzee akakiwekea kiganja. 

Kisha mzee akamwangalia Joshua. "Ulidhani nilikuwa nalilia ng'ombe? Akifa, nitakaa bila ng'ombe. Lakini bila watoto wa hapa nitakaa na nani?"

Joshua akachukua mti, akaupeleka mpaka kwenye ua.

"Saruni," akasema, bila kumtazama usoni, "kwa mama Nashipae kuna ng'ombe wengine chini. Twende ushike huku. Mgongo wangu umekataa."

"Uzee umekufikia mapema," Saruni akasema, akaupokea.

Wakaenda.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu. Mambo ya Saruni mimi siyaelewi, na sitajifanya nayaelewa. Hata kijana asiyeingia kanisa wala msikiti simwelewi. Lakini kikundi cha vijana si mahakama ya Mungu. Kiwe cha kuinua ng'ombe, cha mpira ama cha kupanda miti, muulize mtu kama atakuja, na kama atakuwa mwaminifu. Anayempenda na anayemwomba, hiyo si kazi yako. Wala usimrudishe kwa sababu tu unahitaji nguvu zake. Ng'ombe alikuwa ameshasimama, na bado mzee alipiga magoti. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, usimwombe msamaha gizani.

Mungu akuzeeshe vizuri, mwanangu. Enkai, Mungu wa Wamaasai, akunyeshee malishoni, akupe moyo usioogopa kurudi kwa uliyemfukuza, na siku utakapoketi na nywele nyeupe, watoto wako wakuzunguke wote, asikosekane hata mmoja.